Kuchagua Kiongozi Juu ya Ziwa la Barafu

Wavuvi wanaozungumza Kiingereza wana neno moja ambalo mchungaji akilisikia hawezi kulipita hivi hivi. Kile kipande kifupi cha uzi au waya kinachofungwa kati ya mshipi mrefu na ndoano wanakiita kiongozi. Ni neno lile lile wanalomwitia mwenyekiti wa kamati, mzee wa kanisa, askofu au rais. Kwa hiyo mvuvi anapoketi usiku kuandaa zana zake, husema bila kucheka kwamba anachagua viongozi.

Neno hilo lilinifikia Minnesota, kaskazini mwa Marekani, nilipokaa huko miezi ya Januari na Februari kwa mwaliko wa usharika rafiki. Sisi wa Iringa tuna undugu wa miaka mingi na Walutheri wa huko. Uhusiano wa dayosisi yetu na sinodi ya Saint Paul una jina la Kiswahili hata kule kwao: Bega kwa Bega. Mwenyeji wangu alikuwa mzee mstaafu aliyekwisha fika Iringa mara tatu. Alikuwa akinisalimu kila asubuhi “kamwene, Mchungaji,” kwa lafudhi iliyomfanya mke wake acheke jikoni.

Nilisafiri na mzigo ambao haukupimwa uwanja wa ndege. Usharika mmoja, ambao sina sababu ya kuutaja jina, ulikuwa umeniomba nikirudi niwasaidie katika uchaguzi wa wazee wa kanisa. Uchaguzi uliotangulia ulikuwa umewaacha vipande viwili. Upande mmoja ulisema majina yalipangwa sebuleni kwa mtu mwenye fedha. Upande wa pili ulisema wenzao wana wivu. Kaya 17 ziliacha kuja ibadani. Baadhi zilihamia makanisa mengine, na nyingine zilibaki nyumbani siku ya Jumapili, redio ikiimba na mlango umefungwa. Tunasema penye wazee haliharibiki neno. Pale neno liliharibikia mikononi mwa wazee wenyewe. Barua waliyonipa iliisha kwa swali moja: “Mchungaji, safari hii tuchague watu wa namna gani?”

Mpendwa msomaji, naomba univumilie nieleze kwanza habari za samaki, kwa maana swali lile lilinifuata mpaka ziwani.

Samaki anayewafanya wavuvi wa Minnesota wafikirie sana habari ya kiongozi anaitwa paiki. Jina lake la kisayansi ni Esox lucius. Ni samaki mrefu, mwenye rangi ya kijani na madoa meupe, na mdomo uliobapa kama wa bata. Huishi katika maziwa na mito ya nchi za baridi, Ulaya, Asia na Amerika Kaskazini. Hawindi kwa kukimbiza. Hujificha kwenye magugu ya maji akiwa ametulia kama kijiti, kisha hufyatuka mara moja na kukamata. Taya lake la chini lina meno makubwa makali, na kaakaa lake limejaa meno madogo yaliyoelekea nyuma, upande wa koo, hata kinachoingia humo ni vigumu kutoka. Wengi wanaovuliwa ni wa kilo chache tu, lakini rekodi ya Minnesota, iliyowekwa mwaka 1929 katika ziwa Basswood, inakaribia kilo 21. Uzi wa kawaida wa nailoni ukipita juu ya meno hayo hukatika kama uzi wa kushonea mbele ya wembe. Wavuvi wetu wa Pwani wanaomfuata nguru wanalielewa jambo hili, maana nao hufunga waya mbele ya ndoano.

Paiki hapumziki wakati wa baridi. Hilo lilinishangaza mpaka nilipokumbuka fizikia ya sekondari. Vitu vingi vikipoa husinyaa na kuwa vizito zaidi. Maji nayo hufanya hivyo mpaka yafike nyuzi 4 za Selsiasi, na yakizidi kupoa kuelekea sifuri hutanuka tena na kuwa mepesi. Yakiganda hutanuka zaidi, ndiyo maana barafu huelea. Ziwa huganda kuanzia juu, na chini yake maji hubaki yakiwa maji, na samaki wanaendelea kuishi. Kama Muumba angeyapa maji tabia ya vitu vingine, maziwa ya kaskazini yangeganda kuanzia chini, na kila majira ya baridi yangekuwa kaburi. Nilikaa juu ya barafu ile nikamshukuru Mungu kwa nyuzi 4.

Idara ya maliasili ya Minnesota inashauri mtu asitembee juu ya barafu mpya isiyofikia unene wa inchi 4, yaani sentimita 10 hivi. Kwa gari dogo unene huo huzidishwa zaidi ya mara mbili. Tena wanaonya kwamba hakuna barafu iliyo salama kabisa. Mzee wangu alitangulia akiwa na mtaimbo, akigonga barafu kila hatua chache kabla ya kuweka mguu, nami nilimfuata nikikanyaga alipokanyaga yeye. Alikuwa amevua katika ziwa hilo tangu utotoni, na bado aligonga.

Uvuvi wenyewe ni hivi. Mvuvi hutoboa tundu kwa keekee kubwa, tundu la upana wa sentimita 20 hadi 25. Juu ya tundu huweka mtego wenye kibendera. Ni mbao mbili zilizopishana kama msalaba, na chini yake, ndani ya maji ili kisigande, kuna kigurudumu cha kuzungushia uzi. Samaki akichukua chambo na kuondoka, kigurudumu huzunguka, na kibendera hufyatuka na kusimama wima. Sheria ya jimbo hilo inamruhusu mtu mishipi miwili wakati wa baridi, kwa hiyo sisi wawili tulikuwa na matundu manne. Mishipi yetu ilikuwa ya uzi mnene uliosukwa. Kwenye ncha ya kila mshipi kuna kipete kidogo cha chuma kinachozunguka ili uzi usijisokote, na baada ya kipete ndipo hufungwa kiongozi, kisha ndoano na chambo.

Jioni ya Jumamosi iliyotangulia tulikuwa tumeshuka katika chumba kilicho chini ya nyumba yake kuchagua viongozi. Juu ya meza alikuwa ametandaza vya aina nne.

Cha kwanza kilikuwa waya wa chuma wa uzi mmoja. Ni mwembamba na meno hayaukati, lakini ukishakunjika mara moja hauponi. Hata ukiunyoosha kwa plaizi, pale ulipokunjika ndipo utakapokatikia siku ya samaki mkubwa. Cha pili kilikuwa waya uliosokotwa kwa nyuzi 7 nyembamba. Huu ni laini na hufuata mwendo wa chambo, ila nyuzi zake huanza kukatika moja moja, na kwa mbali waya huonekana mzima. Cha tatu kilikuwa waya wa titani, ambao ukiupinda unarudi ulivyokuwa, lakini bei yake inamfanya mstaafu afikiri mara mbili. Cha nne hakikuwa waya hata kidogo, bali florokaboni, uzi mgumu unaopitisha mwanga karibu sawa na maji yenyewe, hata samaki hauoni kwa urahisi. Udhaifu wake ni kwamba meno yanaweza kuukwaruza na hatimaye kuukata. Kwa hiyo anayeutumia kwa paiki huchagua ulio mnene, wenye uwezo wa kubeba kilo 27 hadi 36, hata kama samaki anayemtarajia ni wa kilo 4.

Nilimwuliza kwa nini asifunge tu waya mnene kuliko yote akamaliza kazi. Akanieleza kwamba wakati wa baridi maji chini ya barafu huwa maangavu, na chambo chetu kilikuwa samaki mfu anayening'inia ametulia. Paiki anaweza kusimama mbele yake na kumkagua kwa muda mrefu. Akiona waya mnene unaong'aa, hugeuka akaenda zake. Kiongozi imara kinachowafukuza samaki hakina faida. Kiongozi kisichoonekana lakini kinakatika kina hasara kubwa zaidi. Kazi ya mvuvi ni kutafuta kilicho imara vya kutosha bila kujitangaza.

“Na ukiwa na shaka?” nikamwuliza.

“Nikiwa na shaka nachagua waya,” akasema. “Samaki asiyekuja hajaumia, Mchungaji. Lakini anayekata uzi anaondoka na ndoano yangu kooni.”

Akaendelea kupima urefu kwa rula, sentimita 45 hadi 60, kwa sababu paiki akishikwa hujiviringisha, na kipande kikiwa kifupi mno meno yatafika kwenye mshipi wa juu. Kila kiungo alikibana kwa kibomba kidogo cha chuma, kisha akakifunga kwenye msumari uliopigiliwa mezani na kukivuta kwa uzito wa mwili wake. Vilivyoteleza alivitupa bila huruma. Vilivyoshika aliviviringisha na kuvitia katika bahasha, kila kimoja peke yake, visije vikakunjana.

Baada ya viongozi tulifunga ndoano, na hapo nikajifunza jambo la pili. Zamani, alisema, watu walimtunga chambo kwa ndoano moja tu mgongoni. Paiki humkamata samaki kwa ubavu, huondoka naye, husimama, humgeuza kichwa kitangulie, ndipo humeza. Mvuvi wa zamani aliona kibendera kikisimama, akangoja. Akivuta mapema, ndoano hutoka tupu. Akingoja sana, ndoano iko tumboni, na samaki huyo hata akirudishwa majini huenda asiishi. Siku hizi wengi hutumia ndoano mbili zenye ncha tatu tatu katika kiongozi kimoja, moja nyuma ya kichwa cha chambo na nyingine karibu na mkia. Kwa hiyo paiki akikamata upande wowote, ndoano ipo. Mara kibendera kikisimama mvuvi huvuta bila kungoja, na ndoano hushika pembeni mwa mdomo. Samaki mkubwa anayefaa kuachwa aendelee kuzaa anaweza kurudishwa akiwa mzima.

“Nina rafiki anayesema njia hii ni ya watu wasio na subira,” mzee aliniambia. “Mimi nasema ni ya watu wasiotaka samaki ameze kila kitu ndipo wajue yuko hapo.”

Siku ya pili yake, baada ya ibada, baridi ilikuwa nyuzi 20 chini ya sifuri. Kibendera cha tundu la tatu kilisimama. Mzee hakukimbia. Alitembea, akavua glavu, akapiga magoti na kuangalia kigurudumu kikizunguka. Kisha akavuta mshipi kwa mikono mitupu, mkono baada ya mkono, na samaki alipovuta kwa nguvu aliuachia uzi uteleze. Paiki alipofika kwenye tundu alikuwa wa kilo 4 hivi, na hapo ndipo hatari ilikuwa kubwa kuliko zote, kwa sababu ndoano ya pili, iliyokuwa haijashika kitu, ingeweza kunasa ukingo wa barafu. Mzee alimwelekeza kichwa taratibu mpaka akatoka. Ndoano ilikuwa pembeni mwa mdomo. Aliitoa kwa plaizi ndefu na kumrudisha majini upesi, maana katika baridi ile macho na matamvua ya samaki huganda.

Kisha alifanya jambo ambalo nimelieleza mara nyingi tangu nirudi. Alishika kile kiongozi, cha florokaboni, akapitisha ukucha juu yake kutoka ndoano hadi kipete. Katikati ukucha ukasita. Kulikuwa na mkwaruzo mdogo ambao mimi sikuuona hata niliposogeza miwani. Akakikata chote, akakitia mfukoni ili asiache takataka juu ya barafu, akafunga kingine.

“Lakini kimefanya kazi vizuri,” nikasema.

“Ndiyo sababu ninakibadilisha,” akajibu. “Kisichofanya kazi hakipati mikwaruzo.”

Tulipokuwa tukinywa kahawa kutoka kwenye chupa, aliniambia jambo ambalo nadhani hakulipanga. Miaka mingi iliyopita usharika wao uligawanyika kwa sababu ya kujenga au kutojenga jengo jipya. Yeye alikuwa mwenyekiti wa baraza. Kura zilipigwa, upande wake ukashinda, jengo likajengwa, na ndilo tulilokuwa tumesalia asubuhi ile. Familia kadhaa ziliondoka. Mkuu wa familia mojawapo alikuwa rafiki yake wa kuvua tangu ujana. “Alikuwa akikaa pale,” alisema, akionyesha ufuo wa pili kwa kidevu. “Tuliishi miaka 11 tukionana dukani tu. Kisha akafa. Kura zilikuwa halali, Mchungaji. Hakuna aliyeiba hata moja.” Akafunga chupa ya kahawa. “Sijui kama kuna mtu aliyepitisha ukucha juu yetu baada ya ule mkutano.”

Nilirudi nyumbani na maneno hayo. Nilifungua tena Kutoka 18, mahali Yethro anapomshauri mkwewe Musa jinsi ya kuchagua wasaidizi. Nimefundisha sura hiyo mara nyingi, na kila mara tumehesabu sifa zile kwenye vidole: wawe na uwezo, wamche Mungu, wawe wa kweli, wachukie mali ya udhalimu. Safari hii niliangalia mahali wanapowekwa. Yethro anawaweka kati ya Musa na umati uliokuwa umesimama tangu asubuhi hadi jioni ukingoja haki. Wanawekwa palipo na mkwaruzo. Katika Matendo 6 ni vivyo hivyo. Wale saba hawachaguliwi wakati wa amani. Wanachaguliwa kwa sababu wajane wa upande mmoja walikuwa wakisahauliwa katika chakula cha kila siku, na manung'uniko yameanza. Kanisa la kwanza lilichagua viongozi likiwa limeyatazama meno usoni.

Sisi mara nyingi hutenda kinyume. Tunamtazama mtu akiwa mezani, amenyooka, anang'aa, nasi tunasema huyu anafaa. Hatuulizi atakuwaje atakaposuguliwa. Kuna mzee wa kanisa aliye kama waya wa uzi mmoja: hodari, lakini aliwahi kuvunjwa moyo na mtu, akanyooshwa kwa nje tu, na siku ya jambo kubwa atakatikia pale pale. Kuna aliye kama waya wa nyuzi 7, ambaye amekuwa akikatika ndani kidogo kidogo kwa miaka, katika ndoa yake, katika madeni, katika sala zake, na sisi tuliokaa mbali tunamwona mzima. Wala wa titani hawapatikani kila mtaa. Na kuna anayefanya kazi kwa utulivu hata watu hawamtambui, ambaye kila ugomvi anaoupatanisha humwachia alama, na hakuna anayemwuliza hali yake kwa kuwa yeye halalamiki.

Martin Luther alifundisha mwaka 1520 kwamba wabatizwa wote wana heshima moja mbele za Mungu, na kwamba anayeshika huduma hapandi kuwa mtu wa aina nyingine. Mwaka 1523 aliandika pia kwamba usharika wa Kikristo una haki ya kuyapima mafundisho yote na kuwaita na kuwaondoa watumishi wake. Tunapenda nusu ya kwanza ya haki hiyo, yaani kuita. Nusu ya kupima tunaiacha mpaka mtu akatike, ndipo tunakusanyika kushangaa. Kumpima mtumishi wa Mungu kwa upendo, tena baada ya kazi njema, ni namna ya kumtunza. Mzee yule hakukikata kile kiongozi kwa kukidharau.

Ni lazima niseme pia mahali mfano huu unapofika mwisho. Mtego bila chambo haunasi, na chambo ni udanganyifu. Samaki anaahidiwa chakula, anapewa chuma. Bwana wetu alipowaita wavuvi wa Galilaya wawe wavuvi wa watu, hakuwatuma kudanganya. Wavuvi wale walikuwa watu wa nyavu, na katika Injili ndoano ya kuvulia inatajwa mara moja tu, katika Mathayo 17, Petro anapotumwa kuvua samaki mwenye sarafu mdomoni, ili kodi ilipwe na watu wasikwazwe. Mtu tunayemwita kanisani si windo letu. Ni ndugu, na ana haki ya kuona waya wote, ndoano yote na mkono unaoshika mshipi. Kiongozi wa kanisa anayejificha ili watu wasijue anafanya nini si florokaboni, ni mwizi. Kutojitangaza ni unyenyekevu. Kujificha ni jambo lingine.

Hata hivyo maneno ya mzee kuhusu koo la samaki niliyachukua kama yalivyo, maana hayahusu namna ya kunasa. Yanahusu deni letu kwa aliyeumizwa na zana zetu na kuondoka.

Nilipofika katika usharika ule, wajumbe walitegemea nije na sifa za wagombea. Niliwaomba tuahirishe majina kwa wiki sita. Niliomba kwamba watu wawili wawili, mmoja kutoka kila upande, watembelee kaya zote 17. Wasiwashawishi warudi wala wasijadili kura. Waulize tu: “Mliondoka na nini?” Kulikuwa na ubishi. Mmoja wa wazee alisema hatuwezi kuwabembeleza watu waliokimbia nyumba ya Mungu. Mwingine alisema kura zilikuwa halali, na mimi nikasikia sauti ya yule mzee wa Minnesota akifunga chupa ya kahawa. Nikawaeleza habari ya ziwa. Walicheka kidogo kusikia kwamba watu wazima wanakaa juu ya maji yaliyoganda wakichagua viongozi vya sentimita 60. Kisha wakanyamaza.

Walikwenda. Nyumba nyingine hazikufunguliwa. Katika nyumba moja mama mjane aliwaambia kwamba alilazwa hospitali siku tisa baada ya kuacha kuja kanisani, na hakuna aliyemtembelea kwa kuwa kila upande ulidhani yeye ni wa upande mwingine. Katika nyingine kijana alisema hakuwahi kuwa na upande wowote, aliondoka kwa sababu baba yake aliondoka. Mwalimu mmoja alitaka tu mtu aseme, mbele ya usharika, kwamba tuhuma iliyotajwa juu ya mke wake haikuwa kweli. Ilisemwa, Jumapili iliyofuata, na aliyeisema alikuwa yule aliyeitoa. Alisimama akitetemeka mikono. Sijasikia mahubiri yaliyoingia watu kuliko dakika zile mbili.

Uchaguzi ulipofika, majina yaliyotajwa hayakuwa yale tuliyoyatarajia. Wanne kati ya waliochaguliwa walikuwa miongoni mwa waliotumwa kutembelea. Watu walikuwa wamewaona karibu na meno, wakajua nani anakatika na nani anashika. Tukakubaliana pia kwamba kila mwaka, kabla ya Majilio, wazee wote watakaa siku nzima na mchungaji, kila mmoja aulizwe hali ya nyumba yake, ya sala zake, ya moyo wake, na aliyechoka aruhusiwe kupumzika bila aibu na bila watu kuuliza ametenda dhambi gani. Wenyewe wanaiita siku ya ukucha.

Kaya 9 zimerudi. Kaya 8 hazijarudi. Majina yake yako katika kitabu cha maombi cha baraza, na wawili wawili bado wanakwenda, mara nyingine wanapewa chai, mara nyingine wanaongea na mbwa tu mlangoni. Mwezi uliopita mwenyekiti mpya alinipigia simu kuniambia kwamba mzee mmoja, mchapakazi kuliko wote, ameomba apumzike mwaka mmoja, na baraza limekubali. Alitaka kujua kama wamefanya vizuri kumwachia mtu anayefanya kazi vizuri. Nilimwambia ndiyo, kisha tukaomba pamoja kwa ajili ya yule anayepumzika, na kwa ajili ya wale 8.